Nimenunua kompyuta mpakato mtandaoni, nilipoisafisha ikadai ni mali ya kampuni ya Ulaya: naomba tujadili

MLETA MADA (Njombe)

Habari za wakati huu, wanajukwaa.

Kompyuta yangu ya awali ilikufa mazabodi (bodi kuu ya ndani) baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu, na fundi aliyeifungua alinishauri nisiendelee kuiwekea fedha kwa kuwa vipuri vyake vimekwisha adimika. Nilichokihitaji badala yake kilikuwa kinaeleweka: mashine ya ofisi ya inchi 14, yenye RAM ya GB 16 na SSD ya GB 512, na prosesa ya Intel isiyopungua kizazi cha nane. Sharti hilo la mwisho nililiweka kwa sababu Microsoft walihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi prosesa za Intel zilizotangulia kizazi cha nane, isipokuwa chache sana.

Huku niliko mashine za aina hiyo ni za kutafuta kwa tochi, hivyo nikanunua kwa muuzaji wa Dar es Salaam anayetangaza kwenye mitandao ya kijamii. Tulikubaliana shilingi 680,000. Nusu nililipa kwa simu, mzigo ukapakiwa kwenye basi, na nusu iliyobaki nikaimalizia baada ya kuupokea na kuiona mashine ikiwaka. Tangazo lilisema: imetumika Ulaya, daraja la kwanza, betri inakaa saa tano, haina tatizo lolote.

Kwa macho ilikuwa nzuri kweli. Prosesa ilikuwa ya kizazi cha nane kama ilivyoelezwa, RAM na diski vilikuwa kamili, na kioo hakikuwa na doa. Kibodi ilikuwa ya Kijerumani, ambayo herufi Y na Z zimebadilishana mahali, na juu yake zimebandikwa stika za kuficha jambo hilo. Halikunisumbua, ingawa tangazo halikulitaja. Betri ndiyo iliyoanza kunitia shaka. Nilifungua dirisha la amri, nikaandika powercfg /batteryreport, na ripoti ikaonyesha kwamba betri iliyotoka kiwandani na uwezo wa milliwati-saa 50,000 sasa ikijaa kabisa inabeba chini ya nusu ya hapo. Saa tano za kwenye tangazo hazikuwa na pa kutokea.

Kisha nikakuta kwamba programu za ofisi zilizowekwa ni zile zilizovunjwa kufuli, na kwamba aliyeziweka alikuwa ameiamuru programu ya kujikinga na virusi isiliguse folda moja. Mimi huweka humo alama za wanafunzi na nyaraka za benki, kwa hiyo nikaamua kuifuta mashine yote na kuweka Windows halali upya. Usakinishaji ulikwenda vizuri hadi nilipounganisha intaneti. Badala ya kuniuliza jina langu, kioo kilinikaribisha kwenye kampuni ambayo sijawahi kuisikia, kikanitaka niingize barua pepe ya kazi na nywila ya kampuni hiyo. Hakuna mahali pa kupita. Nimerudia usakinishaji, na jambo ni lile lile.

Nilipompigia muuzaji alisema kwamba alinikabidhi mashine inayofanya kazi, kwamba nimeiharibu mwenyewe kwa kuifuta, na kwamba kwenye risiti imeandikwa bidhaa ikishauzwa hairudishwi.

Naomba nieleweke: silalamikii uchakavu. Anayenunua kitu cha mtumba ananunua pamoja na umri wake, na mikwaruzo miwili mitatu ni halali yake. Ninachokilalamikia ni maelezo yasiyo ya kweli kuhusu betri, na zaidi ya hapo, kuuziwa kitu ambacho mtu mwingine bado anakishikilia funguo. Naomba wenye ujuzi mnieleze kama mashine hii imeibiwa, kama kufuli hiyo inaondoka, na kama maneno ya kwenye risiti yanamaliza kweli haki yangu.

FUNDI (Mwanza)

Mkuu, pole. Hukuiharibu wewe. Ulichokutana nacho kinaitwa Windows Autopilot, na kwa kuwa wengi humu wataendelea kukutana nacho, nitakieleza kwa kirefu kidogo.

Kampuni kubwa inaponunua kompyuta mia kadhaa kwa ajili ya wafanyakazi wake, husajili kila mashine kwenye seva za Microsoft kwa kutumia alama ya kipekee inayotokana na vipande vya ndani ya mashine hiyo. Tangu siku hiyo, kila mashine inaposakinishwa upya na kuunganishwa na intaneti, huiuliza seva kwamba mimi ni wa nani, nayo seva hujibu kwa jina la kampuni. Ndiyo sababu kufuta diski, au hata kununua diski mpya, hakusaidii: kumbukumbu haimo kwenye diski, imo kwenye seva. Muuzaji, au aliyemuuzia yeye, alisakinisha Windows bila kuunganisha intaneti, akafungua akaunti ya kawaida, na mashine ikaonekana huru. Kwa hali hiyo ingeweza kufanya kazi miaka mingi bila mwenyewe kujua kitu, mpaka siku atakapoisafisha kama ulivyofanya.

Kuhusu wizi, usikimbilie kuhitimisha. Kampuni za Ulaya hubadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka michache na kuziuza kwa jumla kwa wafanyabiashara wa mashine zilizotumika. Utaratibu ni kwamba idara ya TEHAMA izifute kwenye usajili kabla hazijatoka mlangoni, lakini mara nyingi husahau, hasa shehena inapokuwa kubwa. Mashine iliyoibiwa nayo huonekana hivyo hivyo, na kwa kutazama kioo tu huwezi kuzitofautisha.

Njia safi ya kuiondoa ni moja: kampuni husika iifute mashine kwenye orodha yake. Ukiwaandikia na kuwatumia namba ya seriali pamoja na picha ya risiti, wapo wanaojibu na kuiachilia, hasa kama waliiuza kihalali. Wasipojibu, mrudishie muuzaji. Watu watakufuata kwenye ujumbe binafsi wakitaka fedha ili waifungue, nao watafanya kile kile alichokifanya muuzaji, yaani kuruka hatua ya intaneti, na siku utakapoisafisha tena utarudi hapo hapo ulipo.

Kabla hujairudisha, ingia kwenye BIOS, yaani programu ya msingi ya mashine inayoanza kabla ya Windows, uangalie mambo mawili. Kwenye HP utabonyeza F10 mashine inapowaka, kwenye Lenovo ThinkPad ni F1, kwenye Dell ni F2. La kwanza ni kama BIOS yenyewe ina nywila. La pili ni sehemu iliyoandikwa Computrace au Absolute. Hiyo ni huduma ya kufuatilia mashine iliyopotea, na imejengwa ndani ya BIOS za kompyuta nyingi za ofisi. Ikiwa imewashwa kwa kudumu, wewe huwezi kuizima, na mwenye huduma anaweza kuifunga mashine akiwa mbali.

MLETA MADA

Ahsante sana, fundi. Nimeingia BIOS: nywila haipo, na hiyo sehemu ya Computrace imeandikwa kwamba haijawashwa. Nimeiandikia kampuni kwa Kiingereza, nikiambatanisha namba ya seriali na risiti.

MWANAFUNZI (Morogoro)

Yangu haina kufuli, ila nami niliuziwa jina. Nilitangaziwa Core i7 kwa bei ya chini kuliko i5 za muuzaji yule yule, nikajiona mjanja. Ilipofika ikawa i7-6600U, yaani kizazi cha sita, ya mwaka 2015, ambayo haimo kwenye orodha ya Windows 11. Nikiiwasha pamoja na programu ya takwimu tunayoitumia chuoni, feni inapiga kelele darasa zima linageuka. Naomba kuuliza, inawezekanaje i5 ya mwenzangu iiache i7 yangu mbali kiasi hiki?

FUNDI (Mwanza)

Hiyo i7-6600U ina koo (cores, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa wakati mmoja) mbili tu, ilhali i5-8250U, ambayo ni ya kizazi cha nane, ina koo nne. Mpaka kizazi cha saba, prosesa za Intel za mashine nyembamba zinazoishia na herufi U zilikuwa na koo mbili, ziwe i5 au i7. Kwenye kizazi cha nane, mwaka 2017, i5 na i7 za kundi hilo zikapewa nne. Kwa hiyo i3, i5 na i7 hulinganishwa ndani ya kizazi kimoja. Kwa vizazi vya kabla ya cha kumi, tarakimu inayofuata baada ya kistari ndiyo inayokwambia kizazi, nayo ndiyo tarakimu ambayo matangazo mengi hayaiandiki. Muuzaji akikwambia Core i7 akanyamaza, mwombe namba kamili ya prosesa kabla ya kuuliza bei.

MDAU (Nairobi)

Salamu kutoka huku. Naomba niongeze jambo ambalo lilimpata jamaa yangu aliyenunua kipakatalishi kupitia mtandao. Kwenye ukurasa wa maelezo ya mfumo ndani ya Windows kilijitambulisha kuwa ni i7 ya kizazi cha nane, lakini kilikuwa kizito ajabu. Alipokifungua kwa programu ya bure ya CPU-Z ikajulikana kuwa ni i5 ya kizazi cha tano. Jina linaloonekana ndani ya Windows ni maandishi tu, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuyabadilisha na kuweka programu ndogo inayoyabadilisha tena kila mashine inapowaka. BIOS haidanganyiki kwa urahisi namna hiyo. Kwa hiyo, picha ya ukurasa wa Windows ambayo muuzaji anakutumia haitoshi. Mwambie akupigie picha ya BIOS, na namba ya seriali ionekane pale pale.

Kuhusu haki, kwetu Ibara ya 46 ya Katiba ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili na taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, na tuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Sijui kwenu Tanzania mambo yamekaaje, labda wenyeji watueleze.

MDAU WA SHERIA (Dodoma)

Nitajibu kwa upande wa Tanzania Bara, kwa kifupi kadiri inavyowezekana.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaingiza kwenye kila mauzo masharti ambayo hayahitaji kuandikwa na mtu. Mawili yanamhusu mleta mada moja kwa moja. La kwanza ni kwamba bidhaa inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo, na mauzo ya mtandaoni kwa asili yake ni mauzo ya maelezo, kwa kuwa mnunuzi hana kingine cha kutegemea. Betri iliyotangazwa saa tano na isiyofika hata nusu yake hailingani na maelezo. La pili ni zito zaidi: muuzaji anahesabiwa kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza kitu hicho na kwamba mnunuzi atakitumia kwa amani bila mtu mwingine kumwingilia. Kompyuta inayotaja mwenyewe mwingine kila inaposakinishwa upya inagusa ahadi hiyo kwenye mzizi wake, hata kama haikuibiwa.

Ndiyo maana naafiki jinsi mleta mada alivyotenganisha mambo. Wanunuzi wengi huchanganya malalamiko yote kwenye ujumbe mmoja wa hasira, kuanzia mkwaruzo wa kwenye mfuniko mpaka kufuli ya kampuni, na muuzaji hujibu lile la mkwaruzo peke yake. Andika mawili tu, la maelezo na la umiliki, kisha eleza unachokitaka: kubadilishiwa, au kurudishiwa fedha.

Maneno ya "bidhaa ikishauzwa hairudishwi" yana nguvu yake pale mnunuzi anapobadili mawazo tu, kwa mfano akiona rangi haimpendezi. Sioni namna yanavyoweza kumfunika muuzaji ambaye hakukabidhi alichokitangaza. Vilevile Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina sehemu inayomlinda mlaji na inamtaka anayeuza mtandaoni ajitambulishe na aieleze bidhaa yake ipasavyo. Malalamiko ya mlaji yanaweza kupelekwa Tume ya Ushindani, ambayo iliundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Swali langu kwa mleta mada: risiti uliyonayo ni ya EFD (mashine ya risiti za kodi) au ni ya kuandikwa kwa mkono, na je, namba ya seriali ya mashine imo?

MLETA MADA

Ni ya EFD, lakini imeandikwa "kompyuta 1" bila namba ya seriali. Bahati ni kwamba muuzaji alinitumia picha ya sehemu ya chini ya mashine kabla ya kuipakia, na namba inasomeka. Tangazo lenyewe nimelihifadhi kwa picha pamoja na mazungumzo yetu yote.

MDAU WA SHERIA (Dodoma)

Hivyo vinatosha kuanzia. Kwa wengine wanaosoma: dai namba ya seriali iandikwe kwenye risiti, au iandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano yenye saini na namba ya risiti. Risiti ya "kompyuta 1" haithibitishi kwamba ni kompyuta hii. Tena ikitokea mashine iliyo mikononi mwako imeripotiwa kuibiwa, risiti yenye namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba uliinunua hadharani na kwa nani.

MLETA MADA (mrejesho)

Wadau, nimerudi na mrejesho.

Kampuni ya Ulaya ilijibu kwa barua pepe fupi ya kistaarabu. Walithibitisha kwamba mashine ilikuwa yao na kwamba iliondolewa kwenye matumizi, lakini wakasema hawaifuti kwenye orodha kwa maombi ya mtu binafsi. Aliyeinunua kwao kwa jumla ndiye anayepaswa kuwaomba. Jibu hilo halikuifungua mashine, ila lilinifaa kwa njia nyingine. Nilimtumia muuzaji barua hiyo, video ya kioo kinachotaja jina la kampuni, ripoti ya betri na picha ya tangazo lake, nikamwandikia mambo mawili tu kama nilivyoshauriwa, na kumwambia kwamba nataka kubadilishiwa la sivyo ninapeleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Aliacha kusema nimeiharibu. Alieleza kwamba naye huchukua mzigo kwa mfanyabiashara wa jumla, ambaye huwasakinishia Windows huko huko, na kwamba hakuwahi kuiona kufuli ya namna hii. Ninaelekea kumwamini, kwa sababu asingekuwa na haja ya kunitumia picha ya namba ya seriali angekuwa anajua. Hata hivyo kutojua kwake si jambo la kulipiwa na mimi, na nilimwambia hivyo.

Tulivutana zaidi kwenye nauli ya mzigo kuliko kwenye mashine yenyewe. Mwishowe alikubali kulipia kuirudisha, nami nikalipia ya pili kuja. Safari hii sikukubali ipakiwe kabla haijakaguliwa. Alinipigia simu ya video, akaifuta mashine mbele yangu, akaiunganisha na intaneti, na tukasubiri pamoja mpaka ikaniuliza nchi na lugha na kufika kwenye ukurasa wa kuingiza akaunti binafsi bila kutaja kampuni yoyote. Namba ya seriali aliionyesha kwanza kwenye BIOS na kisha chini ya mashine. Betri ya hii inabeba takriban robo tatu ya uwezo wake wa kiwandani, na alipunguza shilingi 40,000 kwa kuwa SSD yake ni ya GB 256.

FUNDI (Mwanza)

Hapo umefanya ukaguzi ambao hata madukani wengi hawaufanyi. Jaribio la kufuta na kuunganisha intaneti ndilo la uhakika la kuifichua Autopilot; ukiangalia tu kwenye mipangilio ya akaunti hutaiona. Muuzaji akikataa kwa madai kwamba litamchukua muda mrefu, muda huo ni chini ya saa moja, na kwa mashine ya laki sita na kitu si mwingi.

Kwa SSD, pakua CrystalDiskInfo uone asilimia ya uhai iliyobaki na saa ambazo diski imekuwa ikiwaka. Usiogope saa nyingi peke yake, maana mashine ya ofisi huwaka kutwa nzima. Ogopa uhai ukiwa umeshuka sana au programu ikitoa onyo la rangi ya njano au nyekundu. Lakini diski na betri hununuliwa na kubadilishwa kwa bisibisi. Mazabodi yenye kufuli haibadilishwi kwa bei inayoingia akilini, kwa hiyo anza na kufuli na prosesa, ndipo uhangaike na mengine.

MWANAFUNZI (Morogoro)

Mleta mada, samahani, mashine ya pili nayo ina kibodi ya Kijerumani? Nauliza kwa sababu nimepata moja ya aina hiyo kwa bei nzuri na sijui kama nitaizoea.

MLETA MADA

Hii ni ya Uingereza. Ila ile ya kwanza niliizoea mapema: ndani ya Windows unachagua mpangilio wa Kiingereza, na kuanzia hapo herufi zinatoka kwa mpangilio huo hata kama kilichochapwa juu ya vitufe ni kingine. Kama unaandika bila kutazama kibodi hutasumbuka. Kama unatazama, hakikisha tu stika si za karatasi, kwa sababu zile za kwangu zilikuwa zimeanza kubanduka kwenye A na kwenye kitufe cha nafasi. Na kabla hujalipa, mwambie akuonyeshe BIOS.